Roald Dahl na kibanda cha uani

Katika kijiji cha Great Missenden, mwendo wa treni usiofika saa moja kutoka London, palijengwa kibanda kidogo cha matofali uani mwa nyumba nyeupe, karibu na miti ya matofaa. Mlango wake ulipakwa rangi ya manjano. Humo, kwa zaidi ya miaka 30, Roald Dahl aliandika takriban vitabu vyote vya watoto vilivyompa jina duniani, na si mke wala mwana aliyeingia humo apendavyo.

Kabla ya kuwa mwandishi, Dahl alikuwa muuza mafuta wa Dar es Salaam. Alizaliwa Wales tarehe 13 Septemba 1916, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Norway. Alipokuwa na umri wa miaka 3 alifiwa na dada yake, na majuma machache baadaye akafiwa na baba. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya Shell mjini London, na mwaka 1938 akatumwa Tanganyika, nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Huko alijifunza Kiswahili, akawa akisafiri kwa gari hadi kwenye mashamba na migodi kuwahudumia wateja wa kampuni.

Vita vilipozuka Septemba 1939, kijana huyo alivishwa kwa muda cheo cha afisa, akapewa askari wa Kiafrika, na kuamriwa kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam. Miezi michache haikupita, akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Urefu wake wa futi 6 na inchi 6 haukumfaa kabisa katika ndege ndogo za wakati ule, lakini alipasi. Mwezi Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la magharibi la Misri. Fuvu lake lilipasuka, na kwa majuma kadhaa hakuona kitu. Alirudi angani, akapigana Ugiriki mwaka 1941, mpaka maumivu ya kichwa yakamwondoa vitani. Mgongo na nyonga vilimsumbua maisha yake yote.

Uandishi ulimjia Marekani, alikopelekwa mwaka 1942 kufanya kazi katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington. Visa vyake vya mwanzo vilikuwa vya marubani, na kimoja kilihusu mashambani Kenya. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha kumbukumbu alichokitoa mwaka 1986, alirudi tena Tanganyika: nyoka, simba, na kisa cha mtumishi wake Mdisho na upanga wa ukutani. Ni kitabu kitamu, lakini kisomwe kwa tahadhari. Dahl alikuwa na mkono mwepesi wa kutia chumvi.

Mwaka 1953 alimwoa mwigizaji wa Marekani, Patricia Neal, na mwaka uliofuata wakainunua ile nyumba ya Great Missenden. Nyumba ikajaa watoto, naye akahitaji pa kujificha. Alikuwa ameliona banda alimoandikia mshairi Dylan Thomas huko Laugharne, kwenye ufuo wa Wales, likampendeza. Fundi wa kijijini akamjengea lake.

Chumba chenyewe hakikuwa na fahari yoyote. Kuta zilibandikwa vipande vya plastiki nyepesi nyeupe kuzuia baridi, navyo vikageuka rangi kwa moshi wa sigara. Katikati palikuwa na kiti kikuukuu cha mikono, urithi kutoka kwa mama yake. Alikitoboa mgongoni ili kisiuguse uti wake pale ulipouma. Hakutumia meza ya kuandikia. Aliingiza miguu katika mfuko wa kulalia, akalaza ubao uliofunikwa kitambaa cha kijani juu ya mikono ya kiti, akachonga penseli 6 za manjano, na kuandika juu ya karatasi za manjano zilizoagizwa Marekani. Pazia lilifungwa hata mchana. Zamu ya kwanza ilianza yapata saa 4 na nusu asubuhi hadi saa 6, ya pili saa 10 hadi saa 12 jioni. Ni vigumu kutoona kwamba rubani huyo alikuwa amejijengea upya chumba cha ndege: mahali pembamba, kila kitu kinafikiwa na mkono, na nje hakuonekani.

Juu ya meza ya pembeni aliweka vitu ambavyo mtu mwingine angevitupa. Palikuwa na kichwa cha mfupa wa paja lake mwenyewe, alichokatwa alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Palikuwa pia na tufe zito la karatasi za fedha, alilolifinyanga kutokana na maganda ya chokoleti alizokula kila siku alipokuwa karani wa Shell.

Lakini misiba haikubisha hodi. Desemba 1960, mjini New York, teksi iligonga kigari cha mwanawe Theo, aliyekuwa na umri wa miezi 4, na maji yakaanza kujaa kichwani mwa mtoto. Vali ya kuyatoa maji hayo ilikuwa ikiziba mara kwa mara. Dahl aliwakutanisha daktari wa upasuaji Kenneth Till na fundi Stanley Wade, na watatu hao wakabuni vali iliyo bora zaidi. Theo mwenyewe alipata nafuu kabla ya kuihitaji, lakini ilitumika kwa watoto wengine maelfu. Tarehe 17 Novemba 1962 binti yake mkubwa, Olivia, alikufa kwa surua iliyoingia kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 7. Dahl hakuweza kumzungumzia. Aliyaandika mambo ya siku ile ya mwisho katika daftari, akalitia kwenye saraka ya kibandani, na likaonekana baada ya yeye mwenyewe kufariki.

Mwaka 1965 Patricia, akiwa mjamzito, alipatwa na kiharusi mara tatu, akapoteza usemi. Mumewe aliwapanga majirani wamfundishe kwa zamu, saa nyingi kila siku, kwa ukali ambao wengine waliuona ukatili. Alipona na kurudi kwenye filamu. Ndoa haikupona, ilivunjika mwaka 1983.

Kitabu cha Charlie na kiwanda cha chokoleti kilitoka mwaka 1964, katikati ya masaibu hayo. Katika toleo la kwanza, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa mbilikimo weusi waliotolewa misitu ya Afrika, wakasafirishwa ndani ya makasha, na kulipwa kakao. Mwandishi aliyekuwa amekaa Dar es Salaam na kukijua Kiswahili hakuona ubaya wake mpaka Wamarekani weusi walipolalamika. Alilibadilisha katika toleo la 1973. Matamshi yake dhidi ya Wayahudi, hasa ya mwaka 1983, hakuyafuta kamwe. Familia yake iliyaombea radhi mwaka 2020.

Alifariki tarehe 23 Novemba 1990, akiwa na miaka 74, akazikwa kanisani Great Missenden. Kibanda kiliachwa kama kilivyokuwa, vumbi na vishungi vya sigara pamoja, hadi kikaanza kuoza. Mwaka 2011 familia iliomba michango ya kukiokoa, na watu wengi wakauliza kwa nini jamaa wenye mapato ya vitabu vile wapitishe bakuli. Hata hivyo, kiti, ubao, mfupa na tufe la karatasi za fedha vilihamishiwa katika makumbusho yake ya kijijini, na tangu mwaka 2012 watoto wamekuwa wakivichungulia kupitia kioo.