Charles Colling: Mfugaji Aliyeipa Damu ya Ng'ombe Thamani Mnadani

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 11 Oktoba, 1810, wafugaji kutoka sehemu mbalimbali za Uingereza walikusanyika katika shamba la Ketton, karibu na mji wa Darlington, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Mwenye shamba, Charles Colling, alikuwa ameamua kustaafu na kuuza kundi lake lote kwa mnada. Ng'ombe 47 walinadiwa siku hiyo, na mnada ulipofungwa walikuwa wamempatia zaidi ya pauni 7,000. Fahali mmoja aliyeitwa Comet, mwenye umri wa miaka sita, alinunuliwa kwa gini 1,000, sawa na pauni 1,050, na wafugaji wanne waliounganisha fedha zao. Kwa kumbukumbu zilizopo, huyo ndiye ng'ombe wa kwanza duniani kuuzwa kwa bei hiyo.

Nyuma ya bei hiyo kulikuwa na kazi ya takribani miaka 30 ya kuchagua dume gani apandishwe kwa jike gani, na kwa sababu gani.

Colling alizaliwa mwaka 1751, akiwa mtoto wa mkulima. Kaka yake, Robert, aliyezaliwa mwaka 1749, naye alikuwa mfugaji katika shamba la Barmpton, jirani na Ketton. Charles alikabidhiwa shamba la Ketton mwaka 1782, na mwaka uliofuata alimwoa Mary Colpitts, mwanamke ambaye historia ya ufugaji inamtaja kuwa aliifahamu na kuipenda kazi ya kuboresha mifugo kama mumewe.

Katika bonde la mto Tees, walikoishi, ng'ombe wa asili walikuwa wakubwa wenye pembe fupi, na majike yao yalisifika kwa maziwa. Kasoro yao ilikuwa kuchelewa kukomaa na kubeba mifupa mingi kuliko nyama. Wakati huohuo, viwanda vilikuwa vikiongezeka na miji ikipanuka. Mfanyakazi wa mjini alihitaji nyama, na mfugaji aliyeweza kumnenepesha ng'ombe kwa muda mfupi ndiye aliyepata faida. Soko lilikuwa limebadilika, lakini ng'ombe walikuwa bado walewale.

Wakati huo, mfugaji aliyesifika kuliko wote alikuwa Robert Bakewell wa Dishley, katika jimbo la Leicestershire. Bakewell alipata mafanikio makubwa kwa kuwapandisha wanyama wa ukoo mmoja ili sifa alizozitaka zikae imara katika uzao. Aidha, hakuwauza madume wake bora wa kondoo, bali aliwakodisha kwa msimu, hivyo akapata nafasi ya kuona watoto wao katika mashamba ya watu wengine kabla ya kuamua ni dume gani arudi nyumbani kwake. Katika miaka ya 1780 Colling alisafiri hadi Dishley na kukaa huko kwa muda, akijifunza kwa macho na kwa mikono.

Aliporejea, aliutumia utaratibu huo kwa ng'ombe wa pembe fupi. Miongoni mwa madume wa mwanzo aliowatumia alikuwepo Hubback, fahali mdogo wa umbo aliyepatikana kwa bei ndogo. Wengi walimpita bila kumtazama mara ya pili. Ndugu hao wawili waliona ndani yake jambo ambalo macho peke yake hayalioni: ngozi laini iliyoteleza chini ya vidole, manyoya mororo, na wepesi wa kunenepa. Sifa hizo ziliingia katika koo nyingi za ng'ombe wa pembe fupi zilizofuata.

Hatua iliyojadiliwa zaidi ilikuwa ile iliyomleta Comet. Colling alikuwa na fahali aitwaye Favourite, aliyezaliwa mwaka 1793 na jike bora aitwaye Phoenix. Alimpandisha Favourite kwa mama yake mwenyewe, akapatikana mtamba aliyeitwa Young Phoenix. Kisha akampandisha Favourite tena kwa mtamba huyo, ambaye alikuwa binti yake. Mwaka 1804 akazaliwa Comet. Hivyo Favourite alikuwa baba wa Comet na pia baba wa mama yake Comet.

Uzalishaji wa namna hiyo una hatari. Hukusanya mazuri ya ukoo mahali pamoja, lakini hukusanya pia udhaifu wake, na athari kama vile kupungua kwa uwezo wa kuzaa huweza kuonekana baada ya vizazi kadhaa. Colling alipata matokeo aliyoyatarajia kwa sababu alichagua kwa ukali na kwa sababu kundi lake lilikuwa bado na akiba ya damu tofauti. Wengi walioiga njia hiyo baadaye hawakuwa na akiba hiyo.

Ng'ombe bora hawezi kupata bei nzuri iwapo hajulikani. Mwaka 1796 Favourite alizaa na jike wa kawaida, asiye wa ukoo wenye jina, ndama dume aliyehasiwa na kulishwa hadi akawa maksai wa ajabu. Alipofikisha miaka mitano, uzito wake ulikadiriwa kuwa zaidi ya kilo 1,300. Mwaka 1801 aliuzwa kwa pauni 140, na miezi michache baadaye akanunuliwa na John Day kwa pauni 250. Day alimtengenezea gari maalumu la kukokotwa na farasi, akamzungusha Uingereza na Scotland kwa takribani miaka sita, huku wananchi wakilipa kiingilio ili wamwone. Maksai huyo aliitwa Durham Ox, na picha yake ilichapishwa na kununuliwa na watu wengi. Safari zake ziliishia mjini Oxford mwaka 1807, alipoumia nyonga na hatimaye kuchinjwa.

Robert Colling naye alimtoa mtamba mweupe, mtoto wa Favourite huyohuyo, aliyezungushwa kwa maonyesho kwa namna hiyohiyo. Mtamba huyo alizaliwa pacha na dume, na mitamba wanaozaliwa hivyo kwa kawaida huwa tasa.

Wanyama hao wawili waliotazamwa na maelfu ya watu hawakuwa na uwezo wa kuacha uzao. Mmoja alikuwa amehasiwa na mwingine alikuwa tasa. Unene wao ulikuwa tangazo tu, na bidhaa yenyewe ilikuwa Favourite na ndugu zake waliobaki Ketton na Barmpton wakizalisha. Aliyeelewa tofauti hiyo alirudi nyumbani akiuliza juu ya baba wa maksai yule, wala hakuuliza juu ya uzito wake pekee.

Colling pia hakuiogopa damu ya nje. Mapema katika miaka ya 1790, majike wekundu wa aina ya Galloway, ng'ombe wasio na pembe kutoka kusini-magharibi mwa Scotland, waliokuwa mali ya jirani yake, Kanali O'Callaghan, walipandishwa kwa Bolingbroke, fahali wa Colling. Kwa makubaliano yao, ndama dume aliyezaliwa akawa mali ya Colling. Ndama huyo alizaa na jike wa pembe fupi, na dume aliyepatikana akapandishwa kwa Phoenix. Mwaka 1796 akazaliwa jike aliyeitwa Lady, ambaye damu yake ya Galloway ilikuwa imebaki sehemu moja tu kati ya nane.

Wapinzani walizibeza koo za Lady wakizifananisha na dhahabu iliyotiwa madini duni. Mnada wa 1810 ukatoa hukumu yake. Lady, akiwa na umri wa miaka 14, aliuzwa kwa gini 206, na binti yake Countess kwa gini 400, miongoni mwa bei za juu za majike waliouzwa siku hiyo. Wanunuzi walijali ubora wa mnyama na wa watoto wake kuliko sifa ya usafi wa damu.

Baada ya kustaafu, wafugaji wenzake walimtunuku Colling chombo cha fedha kwa kutambua mchango wake. Mwaka 1822 George Coates alichapisha daftari la kwanza la kumbukumbu za uzao wa ng'ombe wa pembe fupi, ambamo Comet aliandikwa kwa namba 155. Colling aliishi hadi kuliona daftari hilo, akafariki mwaka 1836.

Hata hivyo, daftari nalo linaweza kutumiwa vibaya. Mfugaji Thomas Bates alinunua kutoka Ketton majike wa ukoo wa Duchess na kuuendeleza kwa kuzalisha ndani kwa ndani. Baada ya kifo chake jina hilo likawa na thamani kuliko mnyama mwenyewe. Mwaka 1873, huko New York Mills, Marekani, jike mmoja wa ukoo huo aliuzwa kwa dola 40,600. Wakati bei zikipanda kiasi hicho, majike wa Duchess walikuwa wakizidi kushindwa kuzaa, na hatimaye ukoo huo ukatoweka. Watu walikuwa wamenunua jina wakasahau uzao.

Suala la kiasi gani cha damu kichanganywe halikuishia Uingereza. Hapa nchini, ng'ombe wa aina ya Mpwapwa walipatikana kwa kuchanganya damu za ng'ombe wa Bara Hindi, ng'ombe wa asili wa Afrika Mashariki na sehemu ndogo ya damu ya Ulaya, kwa lengo la kupata mnyama wa maziwa na nyama anayestahimili mazingira makavu. Kazi hiyo nayo iliongozwa na kumbukumbu zilizoandikwa na matokeo yaliyopimwa.

Mfugaji anayesimama mbele ya fahali aliyenona katika viwanja vya Nanenane, au anayechagua mbegu ya kumhimilishia mtamba wake, anakabiliwa na swali lilelile lililomkabili Colling. Unene huonyesha malisho na matunzo aliyoyapata mnyama mmoja. Ubora wa damu yake huonekana kwa watoto aliowazaa, kwa majike wa aina gani, na kwa kumbukumbu zinazothibitisha hivyo. Ni vyema mfugaji akaomba kumbukumbu hizo kwa muuzaji au kwa afisa ugani kabla ya kutoa fedha yake.