Taria Topan, tajiri wa Unguja aliyekopesha misafara ya Kasongo na Kabambare

Kusini mwa jimbo la Maniema, katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, watu wengi wanalijua jina la Tippu Tip. Jina la Taria Topan halisikiki sana. Hata hivyo, mali ya mfanyabiashara huyo Mhindi wa Unguja ndiyo iliyomwezesha Tippu Tip kufika kwenye mto Lualaba akiwa na watu, bunduki na bidhaa nyingi kuliko wafanyabiashara wengine.

Taria Topan alizaliwa mwaka wa 1823 huko Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Waislamu Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Alifika Unguja akiwa bado kijana mdogo. Alianza kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi ambaye kampuni yake ilikusanya ushuru wa forodha kwa niaba ya Sultani. Alipanda ngazi polepole, kisha akafungua biashara yake mwenyewe. Mwaka wa 1876, wakati wa Sultani Barghash, Taria mwenyewe alishika kazi hiyo ya forodha kwa miaka michache.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukopesha. Mwenye msafara alipewa vitambaa, shanga, bunduki na baruti bila kulipa kitu siku ile. Alivuka kwenda Bagamoyo, akapita Tabora na Ujiji, akavuka ziwa Tanganyika, kisha akaingia Maniema kwa njia ya Kabambare. Deni lililipwa kwa pembe za tembo pale aliporudi pwani, na wakati mwingine ilichukua miaka. Kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa, mkopeshaji aliweka faida yake ndani ya bei ya bidhaa. Mwenye msafara aliyeshindwa kulipa alibaki mdeni.

Tippu Tip, ambaye jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mwanzoni alikopa kwa watu wengi. Kwa safari yake ya tatu, mdhamini wake mkubwa alikuwa Taria Topan. Safari hiyo ilianza karibu mwaka wa 1870 na ilichukua takriban miaka 12. Katikati ya miaka hiyo Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Aliporudi Unguja mwaka wa 1882, alikuja na pembe nyingi sana za kumlipa tajiri wake. Yeye mwenyewe anamtaja Taria katika habari za maisha yake, alizozieleza kwa Kiswahili.

Kwa wakaaji wa Maniema, hesabu hiyo ilikuwa na uzito mwingine. Vijiji vilivamiwa, wanawake walikamatwa na kurudishwa kwa ndugu zao kwa malipo ya pembe, na mateka wengi walibebeshwa mizigo au kulimishwa mashamba. Waingereza walikuwa wamewakataza raia wao wa Kihindi kumiliki watumwa, na Taria alikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Lakini bunduki na baruti za mkopo zilifika mikononi mwa waliokamata watu, na pembe zilizolipa deni zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi.

Njia hiyo ilileta pia maneno. Nyumbani, Wahindi wa Unguja walizungumza Kikutchi na Kigujarati, lugha zilizo na undugu na Kiurdu. Pesa, laki na gari ni maneno yenye asili katika lugha za India, na Mswahili anayatumia leo bila kufikiria yalikotoka. Misafara hiyohiyo ndiyo iliyosambaza Kiswahili hadi Kasongo na Nyangwe, ambako kilizaa Kingwana.

Malkia Victoria wa Uingereza alimpa Taria cheo cha Sir. Mwaka wa 1887, kwa heshima ya miaka 50 ya utawala wa malkia huyo, Taria alianza kujenga jumba kubwa karibu na bandari ya Unguja liwe hospitali. Alifariki mwaka wa 1891 kabla halijakamilika. Mjane wake aliendeleza kazi, nalo likamalizika mwaka wa 1894. Baadaye likawa zahanati.

Wakati huo biashara aliyoidhamini ilikuwa imekwisha kuvunjika: majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yaliiteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na pembe za Maniema zikaanza kuelekea magharibi.

Jumba la Taria, lenye roshani za mbao zilizochongwa, bado limesimama Unguja, na wageni hulipiga picha kila siku. Majina ya watu wa Kabambare na Kasongo waliobeba pembe hadi pwani hayajulikani.