ERIC LIDDELL: MKIMBIAJI ALIYEKATAA KUKIMBIA

Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi, nikapata alama zangu na kwenda zangu. Maana yake hasa sikuijua mpaka mwaka jana, timu yetu ya mbio za kupokezana vijiti iliposhindwa.

Mnakumbuka, wenzangu. Mwenzetu mmoja, yule mwenye kasi kutupita sote, alikataa kukimbia kwa sababu fainali ilisogezwa ikawa Jumamosi, naye ni Msabato. Tukatafuta mwingine. Mimi nilikuwa wa tatu, yeye wa nne. Kijiti kikaanguka kati yetu, tukawa wa mwisho. Sitaficha, nilikuwa miongoni mwa waliomwita mwenzetu yule msaliti. Wiki mbili sikumsemesha. Mwalimu mmoja aliposikia hakunigombeza. Aliniuliza tu kama namjua Eric Liddell. Nikasema simjui. Basi, akanielekeza maktabani. Wapenzi wasomaji, haya ndiyo niliyoyapata.

Eric Henry Liddell alizaliwa tarehe 16 Januari 1902 katika mji wa Tientsin, nchini Uchina. Wazazi wake walikuwa Waskoti, wamishenari wa London Missionary Society. Alipokuwa mtoto mdogo, yeye na kaka yake Robert waliachwa katika shule ya bweni kule Uingereza, shule ya watoto wa wamishenari, wazazi wakarudi Uchina. Hebu fikiria, wewe uliyelala kwenu jana, kukaa miaka bila kumwona mama!

Mwaka wa 1920 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea sayansi. Huko ndiko jina lake lilikovuma. Aliichezea Skoti raga mara saba katika mwaka wa 1922 na 1923, kisha akaiacha raga ili ashughulikie mbio. Mtindo wake ulichekesha watu: alikimbia kichwa amekirudisha nyuma, mdomo wazi, mikono ikienda huku na huku kama mtu anayefukuza nyuki. Lakini nani alimshika? Mwaka wa 1923 alishinda yadi 100 jijini London kwa sekunde 9.7, na rekodi hiyo ya Uingereza ilidumu miaka mingi. Mwezi huohuo, katika mbio za yadi 440, alisukumwa akaanguka mara tu baada ya kuanza. Wenzake wakamwacha mbali. Aliinuka, akawafukuza mmoja mmoja, akashinda, kisha akaanguka tena kwa uchovu.

Waingereza wakawa na hakika kwamba nishani ya dhahabu ya mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka wa 1924, ni yao. Ratiba ilipotoka miezi kadhaa kabla ya michezo, Eric akaona kwamba mchujo wa mita 100 ulikuwa Jumapili. Kwake Jumapili ilikuwa siku ya Bwana. Akasema hatakimbia. Mbio za kupokezana nazo zilikuwa na Jumapili ndani yake, nazo akazikataa. (Niliposoma hapo moyo wangu ulishtuka. Kumbe na yeye aliwaacha wenzake watatu bila mtu wa nne!)

Watu walikasirika, ati anaiangusha nchi. Yeye hakutukana mtu wala hakugombana na mtu. Alianza kufanya mazoezi ya mita 200 na 400, mbio ambazo hazikuwa na Jumapili.

Jumapili tarehe 6 Julai 1924, wenzake walipokuwa uwanjani, Eric alikuwa akihubiri katika kanisa la Waskoti mjini Paris. Mita 100 ilishindwa na Mwingereza mwenzake, Harold Abrahams. Siku chache baadaye Eric akapata nishani ya shaba katika mita 200. Halafu ikaja Ijumaa tarehe 11 Julai, fainali ya mita 400. Alipangiwa njia ya nje kabisa, ambako huwezi kumwona mpinzani yeyote. Sisi tunaokimbia tunajua ubaya wake. Alitoka kama mtu wa mita 100, watu wakangoja achoke. Hakuchoka. Alimaliza kwa sekunde 47.6, rekodi mpya ya dunia.

Wiki hiyo iliyofuata alipewa shahada yake, na wanafunzi wakambeba mabegani katika mitaa ya Edinburgh. Umri wake ulikuwa miaka 22. Sasa nawauliza, wasomaji, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mimi ningekaa papo hapo nile sifa. Eric mwaka uliofuata, 1925, alirudi Tientsin kufundisha sayansi na michezo katika shule. Baadaye, mwaka wa 1932, akawekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka wa 1934 alimwoa Florence Mackenzie, binti wa wamishenari kutoka Kanada. Wajapani walipoivamia Uchina mwaka wa 1937, aliacha maisha ya mjini akaenda kutumika mashambani, Siaochang, mahali ambapo kaka yake Robert alikuwa daktari na vita vilikuwa mlangoni.

Mwaka wa 1941 hali ilizidi kuwa mbaya. Akampeleka Florence, aliyekuwa mjamzito, na mabinti wao wawili Kanada. Yeye alibaki na kazi. Mtoto wa tatu, Maureen, hakumwona hata siku moja.

Mwaka wa 1943 Wajapani walimfungia katika kambi ya Weihsien, pamoja na wageni wengine zaidi ya elfu moja. Walikuwemo watoto wengi wa shule waliotenganishwa na wazazi wao, kama alivyokuwa yeye zamani. Aliwafundisha sayansi, akawaandalia michezo, wakamwita mjomba Eric. Lakini Jumapili hakuna michezo, hilo halikubadilika. Vijana wakachoka kukaa bure, Jumapili moja wakacheza mpira wa magongo wenyewe, bila refa. Ukaishia katika ngumi.

Jumapili iliyofuata Eric aliingia uwanjani, akawa refa wao.

Hapo nilifunga kitabu. Huyu si ndiye aliyeikataa dhahabu kwa ajili ya Jumapili? Nilimrudia mwalimu nikamwambia mtu wako hatimaye alilegea. Mwalimu akaniuliza, Jumapili ya Paris ingemfaidi nani, na Jumapili ya kambini ilimfaidi nani? Nikanyamaza. Nilirudi nyumbani nikiwaza njia nzima. Kwa ajili ya jina lake mwenyewe hakuivunja Jumapili, hata nchi nzima ilipomkasirikia. Kwa ajili ya watoto wanaoumizana, aliivunja bila kusukumwa na mtu. Basi si siku aliyokuwa akiishika. Alikuwa akimshika Mungu, na kwa hiyo alijua lini akatae na lini akubali.

Eric Liddell alifariki kambini tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe katika ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 43. Miezi sita baadaye kambi ikafunguliwa. Mwaka wa 1981 ilitolewa filamu juu yake, Chariots of Fire, na mwaka wa 1991 Chuo Kikuu cha Edinburgh kikamwekea jiwe la kumbukumbu kule Weihsien. Rekodi yake ilishavunjwa zamani sana.

Wenzangu, sisemi kila mtu aache kukimbia. Mimi bado nakimbia, na nishani naitaka. Lakini tangu nijiunge na timu nilikuwa nikikosa kanisa kwa ajili ya mazoezi, na hakuna aliyeniita msaliti. Yule aliyemchagua Mungu ndiye tuliyemwita hivyo.

Nilimwendea mwenzetu yule nikamwomba radhi. Alicheka, akaniambia kosa langu lilikuwa jingine: nilikiachilia kijiti mapema. Jioni ile, Jumatatu, tulifanya mazoezi ya kupokezana mpaka giza likaingia.