Robert Koch: Msee wa bakteria aliyeficha siri ya dawa yake, ikabuma vibaya

Mama wa Isebania akipeleka mtoi kliniki kudungwa chanjo ya malaria, ndani ya hiyo sindano kuna kitu kidogo kimetoka kwa bakteria. Hicho hakipigani na malaria. Kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili ili chanjo ishike fiti. Story yake inaanza mbali, na Mjerumani mmoja aliyewahi kufika hadi ziwa letu.

Robert Koch alizaliwa 1843 huko Clausthal. Akawa daktari wa mashambani, maabara yake ikiwa nyumbani kwake. Hapo ndipo alionyesha 1876 kwamba kimeta huletwa na bakteria. Machi 24, 1882, akaonyesha wasomi wa Berlin bakteria wa TB. Ndio maana Siku ya TB Duniani ni tarehe hiyo.

Jina likapaa. Halafu 1890 akachoma picha. Alitangaza dawa ya TB, tuberkulini, lakini akaficha imetengenezwa na nini. Alikuwa amejidunga mwenyewe, homa ikampiga mbaya. Hata mrembo wake, Hedwig Freiberg, alikubali kudungwa. Wagonjwa wakafurika Berlin. Wengi hawakupona, wengine wakafa. Alipobanwa 1891, akafunguka: kumbe ni maji ya bakteria wa TB yaliyotolewa kwa gliserini! Kinga ya mwili iliamka kweli, lakini kwa fujo. 1893 aliachana na mke wake, akaoa Hedwig.

1905 akapewa Nobel. Mwaka uliofuata akatua visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, malale ikimaliza watu. Akawatibu kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Dozi zikapanda, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Noma. Koch alikufa 1910, Baden-Baden.

Tuberkulini ilibaki kama kipimo cha TB, lakini ile idea haikufa. Mwanafunzi wake, Richard Pfeiffer, aligundua kuna sumu inayokaa kwa mwili wa bakteria wenyewe. Baadaye Jules Freund, huko Marekani, alichanganya bakteria wa TB waliokufa na mafuta. Kinga iliwaka moto, lakini ilileta vidonda, ikabaki ya wanyama wa maabara.

Wataalamu wakachukua kipande cha ganda la bakteria aina ya Salmonella, wakakipunguza sumu. Hicho ndicho kimo kwa chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, na Migori pia ikawa kwa orodha. Safari hii ilijaribiwa miaka mingi kwanza, na kilichomo kinajulikana.

Kwa hivyo ukifika kliniki, usiogope kuuliza sindano ina nini. Wagonjwa wa Berlin hawakuambiwa.