Robert Koch: sindano safi na kipimo kilichozidi

Msomaji wangu, nakuomba ukumbuke mara ya mwisho ulipompeleka mtoto kuchomwa sindano. Huenda ilikuwa kliniki ya hapa Kilole, huenda Hospitali ya Magunga, au upande wa Handeni. Nesi alichana pakiti mpya mbele yako, akatoa bomba la plastiki na sindano yake, akavuta dawa, akamchoma mtoto, kisha akavitumbukiza vyote kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali. Mtoto alilia, ukambembeleza, mkarudi nyumbani. Hukuwa na sababu ya kuuliza utaratibu huo ulianzia wapi.

Wiki hii nakusimulia maisha ya mtu aliyechangia sana kuuanzisha. Jina lake ni Robert Koch. Wengi mmemsikia kama mgunduzi wa vijidudu vya kifua kikuu. Wachache wanajua kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye milima ya Usambara, hiyo hiyo unayoiona ukiwa Korogwe. Maisha yake yana mafunzo mawili kuhusu sindano. La kwanza tulifundishwa na yeye. La pili tulifundishwa na wagonjwa wake, na gharama yake waliilipa wao.

Mganga wa wilaya na vijiti vyake

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa wachimba madini wa Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mwaka 1872 alipewa kazi ya mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara. Alikuwa na wagonjwa wengi, hadubini moja, na chumba alichokitenga kwa ajili ya majaribio yake.

Wilaya yake ilikuwa na wafugaji, na mifugo yao ilikuwa ikifa kwa kimeta. Wewe uliye na jamaa wafugaji Handeni unajua hofu ya ugonjwa huo, maana hauishii kwa ng'ombe, humpata pia anayechuna au kula nyama ya mzoga. Koch alitaka kuthibitisha kwamba kimeta huletwa na kijidudu kinachoonekana. Ili kuwaambukiza panya wa majaribio, alichonga vijiti vyembamba vya mbao, akavipasha moto kwanza ili visiwe na uchafu wowote, ndipo akavichovya kwenye damu ya mnyama aliyekufa. Mwaka 1876 alionyesha ushahidi wake kwa wanasayansi wakubwa, wakakubali.

Tazama alichofanya na vile vijiti. Kabla hata hajawa maarufu, alikwisha kuelewa kwamba kitu kinachopenya ngozi hupeleka ndani chochote kilichobebwa juu yake, kiwe dawa au ugonjwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1878, alichapisha utafiti kuhusu vijidudu vinavyoingia kwenye vidonda na kuoza mwili.

Mvuke, na bomba lisilo na kisukumio

Mabomba ya sindano yalikuwepo tayari. Mwaka 1853 Alexander Wood huko Edinburgh na Charles Pravaz huko Lyon walikuwa wametumia bomba lililofungwa sindano yenye tundu ndani yake. Lakini watu hawakujua kuua vijidudu kwenye vifaa hivyo. Wengi waliamini kwamba kufuta kwa dawa ya kuulia wadudu kunatosha.

Koch alihamia Berlin mwaka 1880, na mwaka 1881 yeye na wenzake walilipima jambo hilo. Waligundua kwamba asidi ya kaboliki, ambayo madaktari waliitegemea sana, ikichanganywa na mafuta au spiriti haikuweza kuua mbegu sugu za kimeta. Waligundua pia kwamba hewa kavu ya nyuzi 140 ilihitaji saa 3 kuziua, ilhali mvuke wa maji yanayochemka, wa nyuzi 100 tu, uliziua kwa muda mfupi sana. Ule mtungi wa mvuke unaosafisha mikasi na vifaa vya upasuaji hospitalini ni mtoto wa kazi hiyo.

Likabaki tatizo la bomba lenyewe. Mabomba ya wakati ule yalikuwa na kisukumio kilichovishwa ngozi ili kibane. Ngozi hunyonya damu na dawa, na ukiichemsha huharibika. Koch akatumia bomba la kioo lisilo na kisukumio kabisa, ambalo juu yake liliwekwa mpira wa kubonyeza ili kusukuma dawa. Mpira ukivuliwa, kioo na sindano viliweza kupitishwa kwenye moto mkali bila kuharibika.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Tangu wakati huo bomba limebadilika mara nyingi. Kioo kimepisha plastiki ya kutumia mara moja. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2003 chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga, yaani ambayo kisukumio hukwama kikishatumika mara moja, hata mtu akitaka kukirudia asiweze. Ukimwona nesi akichana pakiti mpya, unaona hoja ya Koch ikiwa imefikishwa mwisho wake.

Dawa ambayo haikuponya

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Dunia nzima ikamjua. Mwaka 1890 akatangaza dawa yake, iliyoitwa tuberkulini, akiwa amejaribu kujichoma yeye mwenyewe na kuugua homa kali. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi mbalimbali. Sindano zilikuwa safi. Lakini dawa haikuponya, baadhi ya wagonjwa walizidiwa na wengine wakafa, na ndani ya muda mfupi matumaini yale yakaporomoka. Tuberkulini ilibaki na kazi nyingine, ya kupima kama mtu ameambukizwa.

Usambara

Ndipo njia yake ikaelekea kwetu. Mwaka 1897 Koch alifika Afrika Mashariki, wakati huo nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani, akakaa hadi mwaka uliofuata akichunguza malaria na magonjwa mengine. Usambara alijifunza jambo kutoka kwa wenyeji. Walimweleza kwamba mtu wa milimani akishuka tambarare hupata homa, na kwamba ugonjwa huo wanauita mbu, kwa jina la mdudu anayewauma huko. Wazee wa milimani walikuwa wameunganisha mdudu na homa kabla ya mgeni mwenye hadubini kufika.

Alirudi mwaka 1905. Alichunguza homa ya papasi kwenye njia ya misafara kati ya Dar es Salaam na Iringa, akaona vijidudu vya homa hiyo ndani ya papasi na hata ndani ya mayai yake. Alifanya kazi pia Amani, kwenye kituo cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 1902, ng'ambo ya bonde la Lwengera kutoka hapa Korogwe. Huko alishughulika na mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Desemba ya mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel. Angeweza kupumzika. Badala yake mwaka 1906 akarudi tena Afrika, safari hii kwa ajili ya malale.

Visiwa vya Sese

Malale yalikuwa yameua watu zaidi ya 200,000 kwenye pwani na visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Koch alipiga kambi Bugala, katika visiwa vya Sese, akakaa hadi mwaka 1907. Alikuwa na dawa iitwayo Atoxyl, iliyotengenezwa kwa aseniki. Jina lake lilitungwa kumaanisha isiyo na sumu.

Mwanzoni alichoma nusu gramu, na matokeo yalitia moyo. Vijidudu vilitoweka mwilini kwa muda, na wagonjwa waliokuwa hoi walianza kupata nguvu. Habari zikaenea, watu wakaja kwa wingi, wengine wakibebwa. Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi. Koch akaamua kuongeza kipimo, hadi gramu nzima.

Wagonjwa wakaanza kulalamika. Walipata maumivu, kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kusokota. Wengine walitoroka kambini. Kisha wengine wakaanza kutoona vizuri, na kiza kikazidi. Watu 22 walipofuka, na macho yao hayakurudi. Sumu ilikuwa imeharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Ndipo Koch alipoacha kipimo kile kikubwa.

Majina ya wale 22 hayakuingia kwenye historia kama lake. Hata hivyo, mzazi mwenzangu, ndio waalimu wa funzo la pili: sindano iliyochemshwa vizuri haimkingi mgonjwa na dawa isiyofaa, wala na kipimo kilichozidi. Na malalamiko ya mgonjwa ni sehemu ya kipimo. Kizunguzungu na maumivu yale yangesikilizwa mapema, huenda baadhi ya macho yangepona.

Koch alirudi Ulaya mwaka 1907, na tarehe 27 Mei 1910 alifariki Baden-Baden kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66.

Funzo la pili limefika Muheza

Usidhani hayo ni ya zamani tu. Chini ya milima ya Amani ipo Hospitali Teule ya Muheza. Ilikuwa moja ya hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti wa watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Ilidhaniwa kwamba kuwapa maji mengi ya dripu kwa haraka kungewaokoa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kinyume. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, karibu 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiopewa, walikuwa 7.

Tofauti na Sese ni kwamba safari hii kulikuwa na kamati maalumu iliyofuatilia usalama wa watoto. Ilipoona hatari, ilishauri kazi isimamishwe, na ikasimamishwa kabla ya muda. Watoto wanaoharisha na kukaukiwa maji hawakuwemo kwenye utafiti huo. Hao bado wanahitaji maji, tena mapema, kwa kipimo anachopanga mtaalamu.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, usidai sindano wala dripu. Najua wengi tunaamini mtoto akichomwa ndipo ametibiwa. Kama mtoto anaweza kumeza na hatapiki, mara nyingi dawa ya kunywa inatosha. Kila sindano isiyohitajika ni hatari isiyohitajika.

Pili, hakikisha pakiti ya bomba inafunguliwa mbele yako, na kwamba sindano iliyotumika inaingia moja kwa moja kwenye sanduku lake. Usikubali bomba lililotumika kwa mwingine, hata kama limebadilishwa sindano tu.

Tatu, mtoto apimwe uzito. Kwa mfano, sindano ya malaria kali ya artesunate hutolewa miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, lakini miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa aliye na kilo 20 au zaidi. Kukadiria kwa macho hakutoshi. Uliza jina la dawa, na useme kama mtoto aliwahi kudhurika na dawa yoyote.

Nne, mgonjwa akiwa kwenye dripu, usiguse kidude cha kuongeza kasi ili iishe upesi mrudi nyumbani. Ukiona mkono unavimba, unauma au umekuwa wa baridi pale ilipoingia kanula, mwite nesi mara moja.

Tano, usinyamaze. Ukihisi kizunguzungu, kuwashwa, kubanwa kifua au macho kufifia baada ya dawa, sema papo hapo, na usiondoke kituoni hadi usikilizwe. Nesi mwema hatakuona msumbufu. Watu wa Sese walisema, wakachelewa kusikilizwa. Wewe sema mapema.

Tukutane wiki ijayo.