Barghash na Maji ya Moto ya Hamamni

Juni ikifika Singida kila mwanachuo anageuka fundi wa joto. Hita inatumbukizwa kwenye ndoo, kanga inasokomezwa chini ya mlango, boksi linabandikwa pale kioo kilipovunjika, na upepo bado unapenya tu. Ndiyo maana nimeona nimwandike mtu ambaye sisi tunamjua kwa mambo mengine kabisa, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Huyu bwana aliwajengea watu jengo zima kwa ajili ya maji ya moto, tena pwani, ambako jasho halikauki.

Alizaliwa miaka ya 1830, mtoto wa Seyyid Said na suria wa Kihabeshi. Mwaka 1856 baba yake alifia baharini akitoka Oman kurudi Unguja, na Barghash alikuwemo kwenye safari hiyo. Kiti kikaenda kwa kaka yake, Majid. Barghash hakukubali. Mwaka 1859 aliasi, akisaidiwa na dada zake, akiwemo Salme, binti mdogo ambaye kazi yake ilikuwa kuandika barua za siri kwa sababu alijua kuandika. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa Bombay kwa kama miaka miwili.

Adhabu gani hiyo, mtu anapelekwa kwenye jiji kubwa? Bombay ya wakati ule ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kupata maji ya bomba kutoka bwawa la Vihar. Mimi naamini Barghash aliyetoka kule si yule aliyeingia. Aliporudi Unguja alikuta mji unaokunywa maji ya visima vilivyochanganyikana na vyoo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kikapita humo na kuua watu kwa maelfu.

Oktoba 1870 Majid akafa, Barghash akatawala. Mwanzo haukuwa mzuri hata kidogo. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu na kuzamisha meli zake. Juni 1873 balozi wa Uingereza, John Kirk, alimwekea mkataba mezani huku manowari zikitajwa, akatia saini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Lakini ndani ya miaka hiyo ya kubanwa ndipo alipojenga sana. Alivuta maji ya chemchemi za kaskazini mwa mji kwa mabomba hadi Mji Mkongwe. Beit al-Ajaib lilisimama mwaka 1883. Na katikati ya mitaa likajengwa hamamu la umma, ambalo mpaka leo limeupa mtaa jina lake: Hamamni. Msanifu anayetajwa ni Haji Gulamhussein, na mtindo ni wa Kiajemi.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye somo letu wenye ndoo na hita. Hamamu halikupashwa joto kwa kuweka moto katikati ya chumba. Maji yalichemshwa pembeni, yakapita kwenye mifereji chini ya sakafu, na sakafu yenyewe ndiyo ikawa jiko. Joto likapanda polepole kutoka miguuni. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kweli, na ukuta wa namna hiyo ukishapata moto hautaki kupoa haraka. Halafu hauingii kwenye joto moja kwa moja kutoka barabarani. Unaanza na chumba cha kupokelea, unapita ukumbini, ndipo unafika chumba cha moto. Mlango wa nje ukifunguliwa, upepo unaishia njiani. Hosteli zetu ni kinyume chake: ukuta mwembamba, mlango unatazama uwanja, na joto lote la hita linakwenda kuwapasha kunguru. Tembe za Wanyaturu zililijua hili bila sultani yeyote, na kuta zake za udongo na paa la chini.

Sasa, nani alilipia? Fedha za Barghash zilitoka kwenye ushuru wa forodha, karafuu na pembe za ndovu. Karafuu zilivunwa na watumwa. Pembe zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na njia ya Tabora kwenda Bagamoyo ilipita Mgunda Mkali, ile nyika kavu ambayo leo ni upande wa Manyoni na Itigi, mkoani kwetu. Watu walivuka pale wakihesabu kibuyu cha maji ili mjini mtu akalowane kwenye mvuke. Sisemi hamamu lilikuwa baya. Nasema bili yake ilipita hapa.

Na Salme? Alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akatoroka 1866, wakafunga ndoa Aden mwaka uliofuata na kwenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akabaki na watoto watatu katika nchi ambayo chumba kisipowashwa jiko wakati wa baridi hakikaliki, na kuni na makaa ni vya kununua. Aliomba urithi wake. Barghash alipozuru London mwaka 1875 alimfuata huko, Waingereza wakahakikisha hawakutani. Mwaka 1885 alifika Unguja kwa meli ya Wajerumani. Kaka mtu akakataa kumwona. Aliyewajengea wageni na wenyeji hamamu hakumtumia dada yake hata fedha ya makaa. Mimi hilo linanishinda kumsamehe, ingawa najua alimwona kama silaha ya Bismarck, na hakukosea sana.

Kwani mwaka huohuo Wajerumani walidai bara, na 1886 Barghash akaachiwa ukanda wa maili kumi tu wa pwani. Mgunda Mkali haikuwa tena njia yake. Alifariki Machi 1888. Hamamu liliendelea kufanya kazi mpaka kama 1920, likazimwa. Mkienda ziara ya mafunzo Unguja msiishie Forodhani kula urojo. Kateni mitaa mpaka Hamamni, lipieni kiingilio, na mpime unene wa ule ukuta kwa mkono. Mabirika yapo, makavu.