Al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyetoa sarafu za dhahabu

Kabla ya shilingi, kabla ya rupia na hela ya Mjerumani, pwani yetu ilikuwa na sarafu zake. Leo tunamzungumzia mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya baadhi ya sarafu hizo: Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14.

Alipokuwa kijana alikwenda kuhiji Makka, na katika safari hiyo akakaa Aden akisoma dini. Baadaye alishika utawala wa mji uliotajirika kwa dhahabu isiyochimbwa Kilwa. Dhahabu hiyo ilitoka bara, Zimbabwe ya leo, ikashuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji, kisha ikapandishwa kwa vyombo vya baharini. Kilwa ilitoza ushuru. Mkulima wa pamba wa Lagangabilili hahitaji kuelezwa sana biashara ya namna hiyo.

Masultani waliotangulia walitoa sarafu za shaba. Al-Hasan naye alitoa za shaba, akaongeza na za dhahabu, ambazo leo zinajulikana chache mno. Moja ya shaba yenye jina lake ilipatikana Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Maandishi yake ni ya Kiarabu, na pande mbili zimepangwa kwa vina kama shairi. Kwa Wafranki wa Ulaya, katika karne ya 7, fundi aliandika jina lake mwenyewe kwenye sarafu ya dhahabu. Kilwa liliandikwa la sultani tu.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kwamba sultani aliitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa ukarimu wake. Maskini mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Mwana wa sultani akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu wakamsifu. Sisi tunauliza watumwa hao walitoka wapi, na msafiri mwenyewe anajibu: sultani alikuwa akivamia nchi za watu wa bara na kuchukua mateka.

Alipofariki, alirithiwa na ndugu yake Daud. Wageni walikaa miezi mlangoni kwake wakipewa kidogo sana, mpaka wakaacha kuja.